Mzaha Una Mwenyewe

Katika kundi letu la wapenzi wa bao, lililokusanya ndani ya simu watu mia na ushei waliotawanyika Unguja, Pemba, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, Lamu hata Maskati, ambao wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso na pengine hawataonana maisha, ulizuka mwezi uliopita ubishi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni dogo mno kuandikiwa gazetini: ama picha za kuchekesha ziendelee kurushwa humo, ama kundi libakizwe kwa ajili ya bao peke yake, na kila arushaye kichekesho atolewe. Hoja ya wasimamizi haikuwa ya kupuuzwa. Bando ni ghali. Mtu hufungua simu asubuhi akakuta picha arubaini ambazo hamna hata moja yenye kete, na fundi aliyeleta fumbo la mchezo tangu usiku hulikuta limefukiwa chini ya fujo hiyo kama komwe iliyoangukia mchangani. Hata hivyo nilikuwa miongoni mwa waliolipinga katazo hilo, na kwa kuwa ndani ya kundi hapakuwa na nafasi ya kusema zaidi ya maneno mawili matatu, naomba radhi ya wasomaji niyaseme hapa kwa urefu, maana naamini kwamba jambo hili haliwahusu wacheza bao tu, bali watu wowote waliokutanishwa na mapenzi ya kitu kimoja, wawe wafuga njiwa, wavuvi wa mshipi, wapenzi wa taarabu au wakusanyaji wa sarafu za kale.

Picha iliyoanzisha ubishi ilitoka Pemba. Ilionyesha bao la mninga, kuukuu, lililong'arishwa na viganja vya vizazi viwili, limewekwa juu ya mkeka karibu na mlango, na juu yake paka mchanga wa rangi ya majivu amejikunja usingizini, tumbo lake limezama katika lile shimo kubwa la mchezaji, mkia umefika kwenye kichwa cha safu, na kete mbili za komwe zimechungulia chini ya kidevu chake. Chini ya picha mwenyewe aliandika maneno matano tu: "Kalala nyumbani. Zamu ya nani?"

Kwa faida ya asiyelijua bao la Kiswahili, niseme kwamba lina mashimo 32 katika safu 4, na kete 64. Kwamba kila mchezaji ana shimo moja liitwalo nyumba, ambamo huanza na kete 6, akaweka 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zikabaki akiba ya kuingizwa moja moja katika sehemu ya kwanza ya mchezo iitwayo namua. Na kwamba mchezaji ambaye kete yake ya mwisho imeangukia shimo tupu husemwa amelala, na zamu humhamia mwenziwe. Lakini aliyekula, kisha kete yake ya mwisho ikaishia katika nyumba yake iliyo hai, hupewa hiari ambayo ndiyo inayowatofautisha mafundi na wanagenzi: alale hapo na mali yake salama, ama aivunje nyumba, azitawanye kete zake zote, asafiri. Sasa msomaji ataona kwa nini paka yule alituvunja mbavu. Wa Maskati alijibu kwamba mnyama apewe hiari yake, alale au asafiri. Wa Lamu akasema haiwezekani kuamua kabla ya kujua kama bado tumo katika namua. Bibi mmoja wa Tanga, ambaye ni mchezaji hodari kuliko wengi wetu wanaume, alidai kete zilizo chini ya tumbo la paka zihesabiwe mbele ya mashahidi, kwa sababu zamani alipata kuibiwa kwa njia hiyohiyo.

Wasimamizi walihesabu majibu, wakayakuta sabini na tatu, wakasema: hizi ndizo fujo tunazozisema. Mimi nilihesabu kitu kingine. Kati ya majibu yale lilikuwamo swali la kijana mmoja aliyekuwa amekaa kimya kundini kwa zaidi ya mwaka, akiangalia tu, asithubutu kuuliza lolote mbele ya mafundi, na alichouliza, baada ya kicheko kumpa moyo, kilikuwa hiki: "Kwani kusafiri ni nini?" Waliomjibu walikuwa watatu, mmoja kwa sauti iliyorekodiwa ya dakika sita, mwingine kwa picha za bao lake mwenyewe alizozipiga hatua kwa hatua, na wa tatu akamkosoa wa pili, wakabishana kwa hoja mpaka karibu na saa sita za usiku. Yale mafumbo ya mchezo yaliyoletwa kundini kwa taadhima mwaka mzima hayakumfungua kinywa kijana yule, paka alimfungua. Jambo hili halinishangazi, kwa kuwa mzaha uliotungwa kwa lugha ya fani humwita asiyeielewa aje aulize, wala haumtii haya, kwa sababu anachouliza ni maana ya kicheko, ilhali nia yake ya ndani ni kujua elimu yenyewe.

Nami sioni kwamba haya yameletwa na simu. Watu wa mwambao tangu hapo hawakuwa na desturi ya kuitenga elimu na utani, wala mashindano na kicheko. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi mpaka mnamo mwaka 1840, na ambaye miongoni mwa tungo zake limo shairi la bao lenyewe, alijibizana kwa beti na watu wa Lamu, naye Zahidi Mgumi wa Lamu akamrudishia, na beti hizo zilivuka bahari kwa majahazi zikiwa na kejeli kali kuliko chochote kinachorushwa leo. Lakini kila ubeti ulijulikana umetoka kwa nani na unamwendea nani. Kadhalika leso, au kanga kama tuitavyo huku, ni picha iliyoandikwa maneno, na mwanamke aliyeivaa akapita mbele ya nyumba ya jirani amesema alichotaka kusema pasipo kufungua mdomo, na jirani hana budi kwenda dukani kulitafuta jawabu. Leso za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililofunguliwa mwaka 1887, zilitambulika kwa alama yake ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", na mama zetu walizipenda pamoja na alama ile. Naomba msomaji aikumbuke alama hiyo, maana nitairudia.

Hata kule ambako mambo haya ya kuzungumza kwa mashine yalianzia, waligundua mapema kwamba kicheko kilichotenganishwa na uso wa mchekaji kina hatari yake. Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, wanazuoni waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta walifanyiana mzaha kwamba zebaki imemwagika katika lifti. Maneno yakasomwa na wengine waliokosa mwanzo wake, wakadhani ni tahadhari ya kweli. Ndipo Scott Fahlman, mnamo tarehe 19 Septemba mwaka huo, alipotoa shauri kwamba kila mzaha utiwe alama ya nukta mbili, kistari na mabano, ambayo ukiinamisha kichwa huonekana ni uso unaotabasamu. Vikaragosi vyote tunavyovirusha leo vina nasaba na uso ule. Walichokihitaji watu wale ni kile ambacho baraza letu la saruji linacho bila kuomba, yaani uso wa msemaji. Na walikihitaji kwa sababu maneno yalikuwa yamewafikia watu ambao hawakuwapo yaliposemwa.

Nije kwenye utani, ambao ndio msingi wa hoja yangu. Bara la nchi yetu lina hazina ambayo wageni waliiona na kuistaajabia. R. E. Moreau, Mwingereza aliyehamia kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1928, na ambaye sifa yake kubwa duniani ni elimu ya ndege, hata ndege mdogo wa misitu ya Uluguru ameitwa kwa jina la mkewe, alitoka katika ndege zake akakusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika, akazichapisha mwaka 1941. Wapo wasemao utani umetokana na vita vilivyokwisha kwa suluhu, na wapo wasemao umetokana na misafara ya biashara iliyowapitisha watu wa kabila moja katika nchi ya kabila jingine. Hilo tuwaachie wenye kulichimba. Linalonihusu mimi ni sharti lake. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kuku wako na kukuigiza mbele ya kadamnasi, lakini siku ya msiba yeye ndiye anayefika akashika jembe, akatumwa kazi ambazo ndugu wameshindwa kwa huzuni, na kuwachekesha wafiwa kaburi likiwa bado bichi. Ruhusa ya kucheka imelipiwa kwa utumishi. Mpaka leo wapenzi wa Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na wa Simba, iliyofuatia mwaka 1936, huitana watani wa jadi, na si ajabu kumkuta shabiki wa upande mmoja akiwa mbeba jeneza la mwenziwe wa upande wa pili.

Nimelipima kundi letu kwa mizani hiyo. Mwaka juzi mwenzetu wa Pangani alipolazwa kwa mguu, tukachanga, orodha ya mchango ilikaa kundini siku nne, nami nikaisoma jina kwa jina. Waliotangulia kutoa ni walewale wenye picha za paka. Wawili miongoni mwa mafundi wetu wakimya, wanaodai kundi ni la bao tu, hawakutoa kitu. Simlaumu mtu, huenda hawakuwa nacho, lakini naona kwamba aliyezoea kumtania mgonjwa alimjua, ilhali aliyezoea kusoma mafumbo yake alijua mafumbo yake.

Hata hivyo wasimamizi wana haki kwa upande mmoja, na upande huo ni mkubwa. Zile picha arubaini za asubuhi hazikutungwa na yeyote kati yetu. Zimetoka kusikojulikana, zimebebwa kutoka kundi hadi kundi, na juu yake ipo ile mishale miwili midogo inayoonyesha kwamba zimepita mikono mingi. Na wenye WhatsApp wenyewe, Aprili 2020, walipoona uvumi wa maradhi unavyoenea, waliamua kwamba ujumbe wenye mishale hiyo usiweze kupelekwa ila mahali pamoja kwa mara moja. Mtu anayeturushia vitu hivyo hatutanii. Hatujui, hakutufikiri alipokuwa akibonyeza, na angeweza kuwarushia wakusanyaji wa sarafu kitu kilekile wala asiongeze neno. Ni leso isiyo na alama ya duka. Mzaha wa paka na mzaha wa mishale miwili huitwa kwa jina moja na hukaa katika simu moja, lakini ni vitu viwili mbalimbali, na kosa la katazo lile ni kuvitia vyote katika gunia moja na kuvitupa baharini.

Tena kuna ubaya uliozidi ule wa kuingiza takataka, nao ni kutoa nje kilicho chetu. Hapa nazungumza kwa uchungu, na msomaji anivumilie.

Tulikuwa na Maalim mmoja, mwalimu mstaafu wa upande wa Bububu, mchezaji wa kutulia, mtu ambaye akikufunga hukuonyesha ulipokosea kabla hujauliza. Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, akiwa barazani na sahibu yake wa miaka mingi, alisinzia katikati ya mchezo. Sahibu akampiga picha. Kichwa kimeegemea nguzo, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na mkono wa kulia umelala juu ya goti umefumbata kete nne, kidole gumba kimezifunika kama mtoto aliyelala na peremende. Ikaletwa kundini na maneno haya: "Maalim kalala, na kete bado zi mkononi." Kwa wacheza bao ni mzaha mzuri wa ajabu, kwa sababu mwenye kete za mkononi bado yumo katika namua, na mchezo haujafika hata nusu. Alfajiri Maalim mwenyewe akaamka, akaiona, akajibu: "Sikulala, nilisafiri." Siku ile nzima hatukufanya kazi vizuri.

Katika watu mia na ushei akatokea mmoja aliyeipenda picha ile kiasi cha kuipeleka kwingine. Labda hakuwa na nia mbaya. Kule ilikokwenda hapakuwa na mtu aliyejua kulala wala kusafiri wala namua. Waliona mzee aliyesinzia na mchezo mbele yake. Mtu asiyejulikana akayafuta maneno yetu, akaandika mengine: "Pensheni jamii kazini." Pensheni hiyo, wajuavyo wasomaji wa Visiwani, ni ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwapa wazee wa miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016, nayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Mtu aliyefundisha watoto wa nchi hii kusoma kwa miaka thelathini na kitu akageuzwa mfano wa uvivu unaolishwa na hazina ya umma. Ndani ya siku tano picha ilikuwa imemrudia kwa mlango wa nyuma: mjukuu wake alionyeshwa na wenziwe shuleni, wakicheka, wasijue ni babu yake. Maalim hakulaumu mtu, hakuandika neno. Siku moja tulipofungua kundi tulikuta mstari mwembamba wa kijivu uliosema kwamba ametoka.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza mengi, nami sidharau sheria, ila hapa naiona fupi. Picha haikuwa ya uongo: mzee alisinzia kweli, na bao lilikuwa mbele yake kweli. Kilichofanyika ni kuuchukua mzaha kutoka mikononi mwa watani na kuwapa watu wasio na deni lolote kwa yule anayetaniwa, watu ambao hawatakuja na jembe siku ya msiba wake. Hilo halina kifungu, na wala sijui kama kifungu kinafaa. Lina adabu tu, na adabu hiyo tulikuwa nayo barazani, tukaisahau tulipohamia simuni, kwa sababu baraza lina kizingiti ambacho mguu hukigusa ukitoka, na simu haina.

Kwa hiyo niliyoyapendekeza kundini ni haya, na mengine yamekubaliwa na mengine bado yanabishaniwa. Vichekesho viruhusiwe, tena vihimizwe, maadamu vimetungwa na sisi wenyewe au vimeokotwa katika mabao yetu, na mwenye kukirusha aseme ni chake au ni cha fulani, kama Abdulla wa leso. Chenye mishale miwili kikae nje. Picha yenye sura ya mtu isirushwe ila kwa idhini ya mwenye sura, hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana; na isitoke kundini kwa hali yoyote, iwe nzuri namna gani. Wapo wanaosema hili la mwisho haliwezekani, kwa kuwa hakuna bawabu. Ni kweli hakuna bawabu. Lakini katika nyumba zetu siri nyingi zimekaa miaka na dahari pasipo bawabu, kwa sababu waliozijua walijiona wamekabidhiwa amana.

Wiki iliyopita nilipanda daladala ya Bububu. Nilimkuta Maalim barazani kwake, bao limefunikwa kanga kuukuu, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, akaifunua kanga bila ya kuniuliza nimefuata nini, akaanza kupanga kete. Hatukulitaja kundi. Tulicheza mpaka adhana ya Alasiri, tukaswali, tukarudi. Katika mchezo wa pili niliivunja nyumba yangu kwa tamaa, nikasafiri mahali ambapo kila mtu angeniambia nilale, akanila kwa mkono mmoja mrefu uliozunguka bao mpaka nikapoteza hesabu, nami nikabaki nimekodoa macho, mdomo wazi, na kete moja katika vidole nisijue pa kuitia.

Mjukuu wake, yuleyule, alikuwa nyuma yetu na simu. Akapiga. Kisha akamwangalia babu yake, akauliza: "Babu, niirushe?"

Maalim akaipokea simu, akaitazama ile picha kwa muda, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka jana, kisha akanielekezea mimi kwa kidole. "Mwulize huyu, sura ni yake."

Nikamwambia anirushie mimi peke yangu. Ninayo mpaka sasa. Wenzangu wa kundi wameniuliza mara tatu bao lile liliishaje, na nimewaambia waende Bububu wakamwulize mwenyewe.